Kumshusha Mama Galula kwa Pikapu ya Haibridi

Tangu nirudi Hasamba, kila ninayekutana naye ananiuliza mambo mawili kwa pumzi moja: mama alifikaje, na lile gari liliwezaje. Nimechoka kuanzia katikati kila mara. Mmoja anataka habari za mama, mwingine anataka kujua kama na yeye anunue gari la namna ile, na kusema kweli habari hizo mbili hazitenganishiki. Naandika zote hapa, mtumiane kwenye simu zenu.

Kwa asiyenijua, mimi ni Tumaini, mzaliwa wa Ibaba kule Ileje, nimeolewa Hasamba kwa Elia. Tunalima kahawa. Pikapu yetu ni haibridi, yaani ina injini ya petroli na pia ina betri kubwa chini ya kiti cha nyuma inayozungusha mota ya umeme. Mwendo wa taratibu linakwenda kwa umeme, ukikanyaga injini inaingia. Nyuma, kwenye bodi, lina soketi kama ya ukutani. Tulipolinunua, soketi ile niliiona pambo.

Mama yangu amepikia kuni maisha yake yote katika jiko lisilo na dirisha, na mapafu yamechoka. Daktari aliyempima alisema Ibaba ni juu mno kwake, hewa ya milimani ni nyepesi. Akashauri ahamie sehemu ya chini, na apate mashine ya oksijeni ya kumsaidia kupumua. Sehemu ya chini tuliyonayo ni Galula, kwa dada yangu Ambwene, ambaye yeye na mumewe wanalima mpunga. Shida ikawa njia. Ibaba na Galula ziko ncha mbili za mkoa, na mashine ile inataka umeme muda wote inapofanya kazi. Ndipo nikaikumbuka soketi, nikamwambia Elia nitampeleka mimi. Yeye alibaki na wachumaji, kahawa ilikuwa imeiva na haingojei mtu.

Hasamba hadi Tunduma

Kabla sijaondoka nilifanya kazi mbili, na hizi ndizo ninazowasihi nyote mnaolitamani gari hili.

Ya kwanza ni chujio. Ubavuni mwa kiti cha nyuma, chini, kuna tundu lenye wavu. Betri kubwa inavuta hewa hapo ijipoze. Msimu wa kiangazi, kwa vumbi letu hili jekundu, chujio lake linaziba haraka kuliko anavyosema aliyekuuzia. Nilitoa, nikakung'uta, nikapuliza kwa pampu ya baiskeli, nikarudisha.

Ya pili ni betri ndogo. Watu wanadhani gari lenye betri kubwa haliwezi kukataa kuwaka. Linakataa vizuri tu. Kuna betri nyingine ya kawaida, kama ya gari lolote, ambayo ndiyo inaamsha kompyuta. Hiyo ikifa, ile kubwa hata ikiwa imejaa haikusaidii chochote. Nikaipeleka ikapimwa, ikaonekana nzima.

Mashine ya mama ilikuwa Tunduma, kwa mfanyabiashara aliyekuwa ameileta kutoka upande wa pili wa mpaka. Nilitegemea kuingia na kutoka. Foleni ya malori ilinikuta mbali kabla ya mjini, na ikakwama kabisa. Malori yote yalikuwa yananguruma, langu peke yake kimya, kwa sababu likisimama injini inajizima yenyewe.

Dereva wa lori la nyuma yangu, Mzambia mrefu mwenye kandambili, akashuka akaja dirishani, akaniita mama kwa lugha ya kwao.

"Bamayo, gari imekufa?"

"Haijafa. Iko sawa."

"Haina sauti. Imekufa. Usione aibu."

Kabla sijajibu alikuwa ameshawaita wenzake wawili, wakaja nyuma kuweka mikono kwenye bodi ili wanisukume pembeni. Mimi nimekanyaga breki, nawapigia kelele waache, wao wanadhani nawahimiza. Wakajikaza. Hapohapo foleni ikasogea mbele, nikaachia breki, nikagusa mafuta kidogo, na gari likateleza kimya kimya likawaachia mikono hewani. Mmoja alipiga magoti kwenye lami. Nilipowatazama kwenye kioo walikuwa wanacheka mpaka wameshikana mabega.

Foleni ilipokwama tena, yule mrefu alirudi na mahindi ya kuchemsha, akanipa moja na kuegemea mlango. Alitaka kujua kila kitu. Akaniuliza swali la maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu gari hili: "Sasa hii ikikufia porini, fundi utamtoa wapi?"

Nikamwambia ukweli. Fundi ninayemwamini kwa upande wa umeme yuko Mbeya, na nilihakikisha yupo kabla sijakubali kununua. Mafundi wetu wa huku wananibadilishia oili, wananifungia breki na springi, lakini waya nene za rangi ya chungwa simruhusu mtu aziguse, hata akiapa.

"Zinaua?"

"Zinaua."

Akaondoa mkono wake mlangoni taratibu, kisha akaaga.

Mashine niliipata mchana umekwisha kwenda. Nikaingia sheli kujaza mafuta, na hapo nusura safari yote iishe. Dada wa pampu, mchangamfu, alikuwa ananiuliza bei ya kahawa huko Mbozi huku mkono wake unafanya kazi. Nikageuka kuona ameshika bomba la dizeli, na mdomo wa bomba umeshaingia kwenye tangi. Nikamshika kifundo cha mkono.

"Hii ni petroli, dada."

"Pikapu?"

"Pikapu, petroli."

"Pikapu zote ninazojaza hapa ni dizeli, mama. Labda umesahau, gari la mzee?"

Nikamwambia gari ni langu. Alikwenda kumwita mwenzake, wakasoma pamoja maandishi ndani ya kifuniko, ndipo akabadilisha bomba. Sikumkasirikia, kwa mazoea yake alikuwa na haki. Lakini nimeshabandika neno PETROLI kwa herufi kubwa pale nje, na tangu sasa nashuka na kusimama mwenyewe kila ninapojaza.

Tunduma hadi Ibaba

Nilirudi Mpemba nikashika lami ya Ileje. Hapo gari lilinifurahisha. Malori hayapo, kona ni nzuri, na kila mteremko betri inajijaza. Itumba nikala wali na maharage kwa mama mmoja aliyekataa kuniacha niondoke bila kunifungia ndizi za kupeleka kwa mgonjwa, ingawa mgonjwa mwenyewe hamjui. Baada ya hapo ni kupanda, udongo, na ukungu unaoingia mpaka ndani ya mikono ya sweta.

Nyumbani nilimkuta mama ameketi karibu na moto, uleule uliomharibu. Amekonda. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanisalimu kwa Kindali, akakatisha salamu katikati avute hewa.

Mdogo wangu Lwitiko ndiye anayeishi naye. Amemtunza kwa miaka mingi, anamwogesha, anampikia, na nyumba ile bila mama haijui. Alilizunguka gari mara mbili akiwa amefumbata mikono.

"Dada, hili linatumia betri kama simu?"

"Betri na petroli."

"Simu yangu mimi inazima mchana. Unataka kumning'iniza mama kwenye kitu kama hicho mpaka Galula?"

"Na hapa ananing'inia kwenye nini, Lwitiko?"

Hakukubali. Nami sikuwa na nguvu ya kubishana. Umeme wa kijijini ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo nilichomeka mashine kwenye soketi ya gari uani, nikaleta kigoda, nikamketisha mama pembeni ya gurudumu na kumvika mpira wa puani. Majirani wakasogea. Kila baada ya muda injini ilikuwa inawaka yenyewe kujaza betri, kisha inazima yenyewe. Mara ya kwanza ilipowaka, kila mtu alitazama ndani kuona nani ameingia. Mara ya pili kikongwe mmoja alichukua fimbo yake akaenda nyumbani kwake, na hakurudi.

Mama aliendelea kuvuta hewa ya mashine. Alikaa, mabega yake yakashuka kidogo kidogo. Rangi ikamrudia midomoni. Baadaye akazungumza, sentensi nzima, ndefu, bila kukatisha, jambo ambalo Lwitiko aliniambia hakuwahi kulisikia tangu masika.

"Kesho mnipeleke kwanza kwa baba yenu, halafu twende."

Baba amezikwa nyuma ya shamba la viazi. Asubuhi Lwitiko alimbeba mama mgongoni mpaka pale, akamshusha, tukawaacha peke yao. Sijui alimwambia nini. Aliporudishwa nyumbani alichukua koti lake la kanisani, macho yake makavu.

Kuondoka kukachelewa. Mzee wa kanisa aliomba kwa kirefu, kwa ajili yetu, kwa ajili ya barabara, na kwa ajili ya "chombo hiki tusichokifahamu." Kila nyumba ilileta kitu, viazi, maharage, njegere, kuku wawili. Nilisimamia mizigo yote ifungwe kwenye bodi, na mashine nikaiweka sakafuni karibu na kichwa cha mama, waya wake ukapita kwenye upenyo wa dirisha mpaka kwenye soketi. Lwitiko, ambaye mwishoni alisema anakuja nasi na hataki kuulizwa, alimwandalia mama kitanda kwenye kiti cha nyuma kwa mito na mablanketi, akamfunga miguu isipate baridi. Aliifanya kazi ile kwa upendo mwingi kiasi kwamba sikutaka kumwingilia.

Ibaba hadi Mbalizi

Kushuka kunataka maelezo. Ukiachia mafuta kwenye mteremko, mota inageuka jenereta, inajaza betri na wakati huohuo inalishika gari, kwa hiyo breki zako zinapumzika. Ni jambo zuri, lakini usilizoee. Betri ikishajaa haipokei tena, na ghafla unahisi gari limekuwa jepesi, linakimbia. Hapo unaweka gia ya chini, injini ikushikie. Nilifanya hivyo kabla ya kona mbaya, Lwitiko amekamata dashibodi kwa mikono miwili, mama nyuma anatuuliza tumefika wapi.

Mbele ya Isongole tulikuta basi dogo limezimika, abiria wamekaa kwenye nyasi. Dereva alikuja mbio na nyaya za kuchajia mkononi. Nikamwambia gari hili si la kumchajia mwenzake, linaweza kuunguza kompyuta zake. Hakuniamini.

"Mama, una betri mbili unaninyima moja?"

Lwitiko aliona aibu, watu wa Ileje hatuachani njiani. Nikamchukua kondakta na betri yao, tukambeba mpaka Mpemba palipo na mtu wa kuichaji. Njia nzima kondakta alikuwa ananinunia, mpaka mama alipomgawia ndizi za Itumba na kumuuliza kwao ni wapi. Walikuwa na jamaa wa pamoja Kafule. Alishuka anatuombea heri.

Vwawa hatukusimama, ingawa nyumbani kwangu ni jirani. Nilijua tukisimama tutalala, na mama akilala Hasamba hatataka kuondoka tena. Mlowo tulikula chapati tukiwa tunakwenda. Mashine ilikuwa inahema nyuma kwa mpigo wake, mama anasinzia. Mbalizi tukaiacha barabara kuu.

Mbalizi hadi Galula

Njia ya kushuka bonde la Songwe ilikuwa vumbi tupu. Malori ya mchele na pikipiki za wachimbaji zilitupita na kila moja ikatuachia wingu. Na kadiri tunavyoshuka, joto linapanda. Watu wa Ibaba hatulijui joto hilo. Nikafunga vioo, nikawasha kiyoyozi.

Tulikuwa tumeshatoka kwenye makazi taa ya njano ilipowaka mbele yangu, na maneno chini yake: betri ya haibridi ina joto, simama mahali salama. Gari likapoteza nguvu. Kisha nikasikia kitu kibaya kuliko hicho. Mpigo wa mashine ulikoma. Soketi ilikuwa imejizima.

Nikalisogeza mpaka kwenye kivuli cha mti wa kwanza. Lwitiko alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma.

"Mama. Mama, niangalie."

Mama alikuwa ameamka, amefungua mdomo, mkono unatafuta kitu cha kushika. Galula ilikuwa bado mbele, naye alikuwa amechoka kwa safari, na hewa ya vumbi ndani ya kifua.

"Nilikwambia, dada," Lwitiko alisema. Hakupaza sauti. "Nilikwambia."

Pikipiki ikasimama. Ilikuwa ya mwanamume wa makamo, uso mweupe kwa vumbi la mawe, dumu la maji limefungwa nyuma. Alielewa mara moja. Akasema zahanati haiko mbali sana, ampakie mama katikati, Lwitiko amshike kwa nyuma. Lwitiko akaanza kumwinua.

Nilimtazama mama. Hakuwa na nguvu ya kukaa wima kwenye kiti, sembuse kwenye pikipiki katika barabara ile. "Muache," nikasema. "Hawezi. Ataanguka, au atafika hana pumzi." Nikamgeukia mwenye pikipiki. "Kaka, nenda wewe. Waulize kama wana mtungi wa oksijeni. Kama hawana, niletee muuguzi."

"Na hili gari?"

"La kwangu hilo."

Alifungua dumu lake, akataka kwanza kumwagia maji chini ya kiti, kama mtu anavyopoza rejeta. Nikamzuia kwa mwili wangu. Betri ile na maji havikutani kabisa. Nikaomba maji yaende kwa mama. Akalowesha kitambaa chake, akampa Lwitiko, akaondoka kwa kasi.

Nikapiga magoti kwenye mlango wa nyuma, nikaingiza mkono ubavuni mwa kiti kutafuta tundu la hewa. Sikulipata. Nilipata blanketi. Lilikuwa limekunjwa, limesokomezwa kwa nguvu ili miguu ya mama isitikisike, na limefunika wavu wote kama kizibo. Nikalivuta. Lwitiko aliliona mkononi mwangu akajua.

"Ni mimi."

"Tundu hili halina alama yoyote, Lwitiko. Mpepee mama."

Nikachomoa chujio. Usafi wangu wa Hasamba ulikuwa umekwisha, lilikuwa zito kwa vumbi. Nikaligonga kwenye kiatu, nikalipuliza kwa mdomo mpaka nikaona nyota, nikalirudisha. Nikafungua milango yote minne. Sikuligusa jambo jingine lolote, kwa sababu hakukuwa na jingine la kuguswa. Joto linatoka kwa wakati wake.

Kisha nikakaa chini mbele ya mama nikamshika magoti. Nilimkumbusha alivyofundishwa hospitali: vuta kwa pua, kisha toa polepole kwa midomo iliyobana, kama unapuliza moto usiwake sana. Nikapuliza naye. Lwitiko akapuliza naye. Tulikaa pale watu watatu tunapuliza, kuku wanalia nyuma, na feni ya betri inavuma chini ya kiti. Mama alinikazia macho bila kupepesa. Sikuona woga machoni mwake, niliona mtu anayefanya kazi ngumu na asiyetaka kusumbuliwa.

Ule muda siwezi kuupima. Najua tu kwamba taa ya njano ilizimika bila sherehe yoyote, nikakimbia nyuma, nikabonyeza kitufe cha soketi, na mashine ikaanza kuhema.

Lwitiko alikwenda upande wa pili wa gari. Nilimwacha huko.

Pikipiki ilirudi na muuguzi, dada mwenye sare na begi dogo. Mtungi hawakuwa nao. Alimbana mama kidole kwa kipimo chake cha oksijeni, akatazama namba, akasubiri, akatazama tena. "Inapanda," akasema. Alikaa nasi mpaka iliporidhisha, kisha akapanda mbele, akaingia nasi Galula, mwenye pikipiki akitutangulia kwa mbali ili tusile vumbi lake. Lwitiko alikaa nyuma sakafuni, mgongo wake kando ya lile tundu, akilinda wavu kwa mkono wazi.

Galula

Nilikaa kwa Ambwene siku kadhaa. Kwa wanaouliza kama mnunue, jibu langu ni kwamba nunueni kama mko tayari kulijua. Msilioshe injini kwa maji ya presha. Msiliache limesimama wiki nyingi bila kuliwasha. Wapakiaji wenu waonyesheni tundu la hewa kabla hamjawaonyesha kitu kingine chochote. Likitunzwa linafanya kazi. Lisipotunzwa linakuzimikia, na halina huruma ya kukungoja ufike.

Mama alilala karibu siku mbili nzima. Siku iliyofuata alitaka kukaa nje. Ambwene alimwekea kiti mlangoni, na mama akaomba mashine izimwe kidogo, aone. Tukaizima tukiwa tumesimama wote watatu kama walinzi. Alipumua. Si vizuri, lakini alipumua, midomo yake ikabaki na rangi yake.

Alitazama tambarare ile kwa muda mrefu. Maisha yake yote hajawahi kuishi mahali pasipo na kilima cha kupanda. Kule mbele wanawake walikuwa wameinama kwenye majaruba yenye maji.

"Wanafanya nini wale?"

"Wanapanda mpunga, mama," Ambwene akasema. "Wa kumwagilia."

"Wote wameinama hivyo?"

"Ndivyo unavyopandwa."

Mama akawaza. Yeye amelima viazi na ngano na maharage tangu hajavunja ungo, na kwa miezi mingi hakuwa ametuuliza habari ya msimu wowote ulio mbele.

"Huo siujui," akasema. "Mtanifundisha."